Tunaenda Dubai kucheza, mwenzetu mmoja anasema harudi

Shangazi, habari yako. Naandika saa nane za usiku, usingizi umekataa kabisa, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka.

Nina miaka 29, nauza kwenye duka la dawa hapa Kampala. Tuko marafiki wanne, wenzangu nitawaita Stella, Aisha na Rehema lakini si majina yao. Wote ni watoto wa askari, tumekulia kambini Jinja, ndo maana hadi leo sisi kwa sisi ni Kiswahili tu, hata kwenye grupu yetu ya WhatsApp. Kule kambini kulikuwa na mwembe, baba mmoja akafunga tairi la lori kwa kamba, hiyo ndo ilikuwa bembea yetu, tunapanga foleni tukitoka shule hadi giza linaingia na mama zetu wanaita. Halafu Krismasi moja baba yake Stella akapata ruhusa, akatupakia sote kwenye teksi hadi Kampala, Didi's World, ile paki ya michezo pale Kansanga. Tulipanda mara mbili tu maana sente ziliisha, tukabaki tumeshika vyuma vya uzio tunaangalia watoto wengine wakizungushwa, ila Shangazi ile siku sijawahi kuisahau. Njiani tukirudi tumebanana kiti cha nyuma tukaapa kwamba tukikuwa tutaenda kwenye ile kubwa, ya nje ya nchi, ile tulikuwa tunaiona kwa TV ya mesi.

Miaka mitatu iliyopita tukaamua sasa tuanze kweli. Kila mwezi kila mmoja anatuma 150,000 kwa mobile money kwa Aisha, yeye ndo mweka hazina. Tukaweka sheria: hakuna kutoa hata shilingi mpaka siku ya safari, hata ukifiwa. Na hakuna aliyewahi kukosa mwezi, hata mmoja. Sasa kila mtu ana milioni 5 na laki 4 na safari ni Januari, siku sita Dubai, vyumba viwili. Aisha ameshapanga kila kitu: siku ya kwanza Motiongate, ya pili Real Madrid World kwa sababu kuna bembea ya mita 140 na tumesema lazima sote wanne tukae hapo, ya tatu Legoland, halafu siku moja tunaenda Abu Dhabi, Ferrari World. Stella anaolewa mwezi wa sita, anasema hii ndo safari yake ya mwisho akiwa msichana. Ameshashonesha mashati ya kufanana.

Sasa wiki tatu zilizopita Rehema akaja kwangu Jumapili. Tukakaa uani tunamenya matoke, tunaongea ya kawaida tu, halafu bila kuniangalia usoni akasema "mimi sitarudi". Nikadhani anatania. Akasema ana binamu yake kule Dubai, atampokea, atamtafutia kazi ya nyumbani au ya saluni, na sisi tukienda uwanja wa ndege yeye atakuwa ameshaondoka hotelini. Akaniapisha nisiseme kwa mtu.

Rehema ana mtoto wa miaka sita, anamlea peke yake. Alikuwa na saluni yake ndogo, mwenye nyumba akapandisha kodi, ikafungwa miezi mitano iliyopita, na ana deni la mkopo, milioni 3 na laki 8, wale watu wanampigia simu hadi usiku. Namwonea huruma sana, lakini Shangazi nimekasirika pia na sijui nimwambie nani. Ina maana miaka mitatu yote alikuwa haji kucheza na sisi? Sisi tulikuwa njia tu?

Ila kuna jambo lingine zito. Ajenti wetu anataka kila mtu aweke depositi ya milioni 2 siku ya kulipia viza, mwisho wa mwezi huu, na tunasaini wote wanne kama kundi moja. Mmoja asiporudi, depositi za wote zinabaki kwa ajenti. Depositi yangu mimi nimeitoa kwenye sente za chuo za mdogo wangu ambazo nimemwekea, semista inafunguliwa Februari, nilihesabu kwamba tutakuwa tumerudi na nimeshairudisha. Mdogo wangu hajui.

Na dada yangu mkubwa alienda kyeyo, yaani kazi za nje, huko Uarabuni, alienda kwa kampuni, na makaratasi yote. Walimchukulia paspoti siku aliyofika. Alirudi baada ya miaka miwili na mgongo umeharibika, hadi leo hawezi kubeba jerikani. Mama akisikia tu neno Dubai anatoka chumbani. Nimemwambia naenda kutembea na marafiki akasema hakuna mtu mzima anapanda ndege kwenda kucheza.

Niwaambie wenzangu? Ninyamaze? Nijitoe? Stella anatuma video kila asubuhi, ninamjibu na vikatuni vya kucheka huku moyo unauma.

Msichana wa Kambini

*

Binti yangu, asante kwa kuniamini. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona depositi, mara ya pili nikamwona Rehema, ya tatu nikakuona wewe pale uani na kisu mkononi, umeambiwa jambo ambalo huwezi kulirudisha kwa aliyekuambia. Wiki tatu umebeba peke yako na kila asubuhi unatakiwa ufurahi kwenye grupu. Hiyo inachosha, pole sana.

Kama nimekuelewa, mambo yako mawili yamefungwa kamba moja. Kuna sente na mkataba wa ajenti, hilo lina tarehe, mwisho wa mwezi. Na kuna lile la pili, kwamba unahisi ule mwembe wa Jinja umekatwa. Depositi umeiandika kwa mistari michache, bembea umeiandika kwa kirefu, kwa hiyo acha nianze hapo.

Unauliza kama miaka mitatu yote Rehema alikuwa anawatumia kama njia. Hebu tuhesabu pamoja. Mmechanga miezi 36. Saluni imefungwa miezi mitano iliyopita. Kabla ya hapo kuna miezi 31 ambayo alikuwa na biashara yake, ana wateja wake, na kila mwezi alitoa laki moja na nusu, mwanamke anayelea mtoto peke yake, bila kukosa hata mara moja. Mimi siwezi kuingia moyoni mwake, lakini hesabu hiyo inanionyesha mtu aliyekuwa anaenda kucheza kama nyinyi tu, halafu maisha yakamgeukia na safari ikageuka mikononi mwake kuwa mlango. Hata miezi hii mitano ya deni amelipa. Labda kwa sababu ya ule mpango wa binamu, sikatai. Au labda alishindwa kuwa wa kwanza kukosa. Hilo ni yeye tu anaweza kukujibu na sioni mahali kwenye barua yako ambapo ulimuuliza.

Na kitu kingine. Umeandika kama vile ameshaamua. Mtu aliyeamua kabisa kutoroka, mara nyingi hasemi, anabeba begi lake anaondoka, mnajua mkiwa Entebbe. Yeye alikuja kwako Jumapili, akakaa chini, akamenya matoke, akasema. Kwa nini wewe? Wewe ambaye dada yako alirudi na mgongo mbovu, na yeye anaijua hadithi hiyo kwa sababu mmekua pamoja. Inawezekana alitaka tu kutua mzigo. Inawezekana pia alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia ngoja kwanza. Sijui, ila ningependa ujiulize ulimjibu nini siku ile baada ya kuapa, au mliendelea kumenya kimya kimya.

Sasa hili la kule, nikuambie ninayoyajua ili ukiongea naye uwe na kitu mkononi zaidi ya uoga. Viza ya utalii ya Emirati, nchi yenye Dubai na Abu Dhabi, haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya siku moja. Muda ukiisha ukabaki, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku, na dirhamu moja inakaribia shilingi elfu moja yetu, kwa hiyo chukulia kila asubuhi unaamka na deni jipya la elfu hamsini. Miezi mitatu ni dirhamu 4,500, yaani karibu milioni nne na nusu. Deni linalomkimbiza hapa ni milioni 3 na laki 8. Mwaka 2024 walibadilisha sheria, mwajiri anayemchukua mtu asiye na kibali cha kazi anaweza kupigwa faini kuanzia dirhamu laki moja hadi milioni moja. Hapo fikiria, ni mwajiri wa aina gani anakubali hatari hiyo, na anayekubali atamlipa nini mtu ambaye hawezi kwenda kushtaki popote. Huyo binamu naye anaishi kwa makaratasi gani? Hayo ni maswali ya kumuuliza Rehema, usimwage yote kwa mpigo kama polisi.

Lakini nisikudanganye kwa upande mwingine pia. Kuna njia halali, kampuni zenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na mkataba unaingizwa kwenye mfumo wa wizara kabla mtu hajasafiri, ili angalau ijulikane aliko. Ila dada yako alienda na makaratasi na bado aliumia. Wapo pia waliokwenda wakajenga, wakasomesha, sote tunawajua majirani wa hivyo. Kwa hiyo ukimwambia Rehema "utakuwa kama dada yangu", anaweza kukujibu kwamba fulani hakuwa hivyo, na mazungumzo yakaishia hapo. Hadithi ya dada yako ina nguvu ikisimuliwa na dada mwenyewe, kama yuko tayari. Labda umuulize.

Sasa uchaguzi wako. Naona njia kadhaa, na hakuna hata moja isiyo na mwiba.

Ya kwanza ni kunyamaza na kusafiri. Utakuwa umetunza kiapo. Lakini nikufikirie Januari uko juu ya ile bembea, mita 140, Dubai yote chini yako, upepo usoni, wenzako wanapiga kelele za furaha, na wewe unamhesabu Rehema kama bado yupo kwenye kiti chake. Na mkirudi watatu, Stella na Aisha watauliza nani alijua. Sente zao zitakuwa zimeondoka pamoja na zako, na yako ni ya chuo.

Kuwaambia wenzako bila Rehema kujua, hiyo inalinda mifuko yao, na kusema kweli wana haki ya kujua wanasaini nini. Hofu yangu ni namna itakavyotokea. Grupu la WhatsApp halina huruma usiku. Mmoja ataandika neno moja kali, Rehema atatoka kwenye grupu, na miaka ishirini na kitu inaisha kwa alama mbili za bluu. Ukifika huko, basi iwe ana kwa ana, mmekaa.

Njia ya katikati ni kumrudia Rehema mwenyewe kwanza na kumwambia wazi: kiapo chako kinanibana kwa sababu kimegusa sente za watu wengine, naomba uwaambie wewe kabla ya siku ya kusaini, nitakuwa nimekaa pembeni yako. Hii inampa heshima. Hatari yake ni kwamba anaweza kukasirika, au akasema "aah, nilikuwa natania", na ukabaki hujui pa kusimama. Hapo itabidi wewe uamue kama unasaini au husaini. Kuhusu kile kiapo, mimi najiuliza tu kama uliapishwa ukijua mambo ya depositi za kundi, au uliapa kwanza ndo ukakumbuka.

Kuna na ajenti. Wanabana hivyo kwa sababu viza za utalii za kule mara nyingi zinaombwa na kampuni ya usafiri kama mdhamini, mtu akipotea wao ndo wanaulizwa. Lakini kusaini kama kundi moja si lazima iwe hivyo kila mahali. Unaweza kuuliza bila kumtaja mtu, kama kila mmoja anaweza kusaini depositi yake peke yake, au mkaenda kwa ajenti mwingine. Hiyo inatatua hesabu, haitatui Rehema.

Hata hivyo, ile milioni 2 ya mdogo wako. Hata kama Rehema angerudi pamoja nanyi, hata kama safari ingekuwa shwari kabisa, ajenti anaweza kuchelewesha kurudisha, na Februari haisubiri. Mdogo wako ni mtu mzima, yuko chuo. Unajua angesema nini ukimuuliza? Labda angekubali na baraka zote. Sasa hivi hajapewa nafasi ya kukubali.

Na sasa nije kwenye kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu niliposoma. Umesema sheria yenu ni hakuna kutoa hata ukifiwa. Niliielewa, mlikuwa mnajilinda na majaribu, na ndo imewafikisha hapa. Lakini angalia, Rehema ana deni la milioni 3 na laki 8 na ana milioni 5 na laki 4 zake mwenyewe zimekaa kwa Aisha. Akizitoa analipa deni lote na anabaki na milioni na laki 6, ambayo kwa saluni ndogo, kwa kuanzia kiti kimoja barazani, si haba. Je, kuna mtu amewahi kumwambia anaweza kuzitoa? Au amekaa na sente zake kilomita chache kutoka kwake, anapigiwa simu na wakopeshaji usiku, na anaona njia pekee ya kuzifikia ni kupanda ndege? Labda ameshafikiria na akakataa, labda anaona aibu kuwa yeye ndo anayevunja safari ya Stella. Labda haoni saluni tena, anataka mahali papya kabisa. Lakini sheria mliiweka nyinyi wanne, na nyinyi wanne mnaweza kukaa mkaitazama upya. Kuna uchungu wake pia: safari ya wanne inakuwa ya watatu, au inasogea mbele, na Stella ana harusi mwezi wa sita, na viti vya ile bembea mlivihesabu vinne.

Mkiamua kusogeza, msisogeze mpaka Julai au Agosti, joto la kule miezi hiyo linapita nyuzi 40 na paki nyingi za nje mtaziona kama oveni. Novemba hadi Machi ndo wakati wake. Na kama bajeti inabana, hiyo siku ya Legoland iangalieni tena, imejengwa kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 12, wanawake wanne wazima mtaimaliza mapema. Nimeandika hivyo nikakumbuka mtoto wa Rehema ana miaka sita. Sijui kama mlipokuwa mnapanga siku hiyo yeye alisema kitu, au alinyamaza.

Kuhusu mama. Mama ana kidonda cha dada yako, nadhani neno Dubai kwake ni ule mlango wa uwanja wa ndege mtoto wake alipotoka akiwa amepinda. Anaposema hakuna mtu mzima anaenda kucheza, huenda anasema usiende kabisa. Mwonyeshe tiketi ya kurudi, mwonyeshe hayo mashati ya Stella, mkae naye. Na mimi sikubaliani naye kwenye hilo moja. Miaka mitatu ya kujinyima, wasichana wa kambini waliokuwa wameshika vyuma vya uzio wakiangalia wengine, mna haki ya kwenda kuketi kwenye kiti na kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Sitaki wasiwasi huu ukuambie kwamba kutaka kucheza lilikuwa ndo kosa.

Mwaliko wa Jumapili ni rahisi kuliko kikao. Mwite Rehema, nunua mkungu, kaeni palepale uani, na safari hii wewe ndo uanze. Ungeweza kuanza na swali la deni, wala si la Dubai. Akikujibu lolote, niandikie, hata kama ni saa nane za usiku.

Shangazi